Kisu cha Mwana, Sindano ya Mkwe

Wako watu wanaotawala nyumba kwa kelele, na wako wanaotawala kwa mkono. Mama Bingwa alitawala kwa ndita. Ndita mbili tu, zimesimama katikati ya nyusi zake, na kwa hizo mbili aliendesha watu miaka yote bila kupandisha sauti hata siku moja. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa mizaha mpaka alipooa. Baada ya hapo akawa mtu wa kusoma magazeti. Likimjia neno la kusema, anamchungulia kwanza mkewe juu ya gazeti. Akikuta ndita, anafungua ukurasa mwingine. Alikufa hivyo hivyo, Mungu amrehemu, na maneno yake tumboni.

Jina la Mama Bingwa alijipa mwenyewe. Mwanawe wa pekee alipofuzu udaktari wa kupasua na kutengeneza sura za watu, mama alitangaza mtaani kwamba lile jina lake la zamani limekufa. "Nimezaa bingwa," alisema. "Mkiniita vingine siitiki." Na kweli hakuitika. Muuza mboga alimwita siku moja mpaka sauti ikamkauka, naye bibi amesimama palepale, anabonyezabonyeza nyanya kama hasikii.

Sasa usije ukadhani huyo bingwa mwenyewe alikuwa na kauli. Thubutu! Mwanamume mzima, anafungua uso wa mtu kuanzia sikioni bila mkono kutetemeka, lakini akiingia sebuleni kwa mama yake macho yanakimbilia kwenye ndita kwanza, kama mtu anayeangalia mawingu kabla ya kuanika nguo. Zikiwapo, alichokuja kusema anakimeza. Alianza tabia hiyo angali anatambaa, na mvi zilipomwota alikuwa nayo bado. Mama yake, kwa upande wake, hakuwahi kulitamka neno "sitaki" mbele ya watu. Aliliona ni neno la wanyonge.

"Mwanamke wa maana hasemi sitaki," alikuwa akimwambia shoga yake. "Anatazama, basi."

Na kwa kutazama hukohuko ndiko alikomng'oa mkwewe.

Mkwe alikuwa muuguzi, naye alisomea kuchoma sindano za usoni, zile za kulegeza misuli ili makunyanzi yalale. Alikutana na bingwa kazini, wakapendana, wakaoana, wakafungua kliniki moja: huyu anakata, yule anachoma. Kosa lake mkwe lilikuwa nini? Hakuwa nalo, na hilo ndilo lililomkera mama mtu. Angekuwa mvivu au mchafu kungekuwa na la kusema. Basi akatazamwa tu. Akileta chai, ndita. Akiamkia, ndita. Akicheka na mumewe mezani, ndita, na mume naye anakata kicheko katikati, anainamia sahani yake. Mama Bingwa alimwita Mchoma Sindano, akilitamka kwa kubetua midomo, utafikiri mwanawe yeye kazi yake ilikuwa kuongoza meli. Mwishowe binti wa watu alichoka. Akafungasha nguo zake, akapanga chumba mtaa wa pili, akaweka kiti chake na taa yake, akaendelea na kazi kivyake.

Talaka hakupewa. Bingwa hakuwa na ubavu wa kumpa wala wa kumrudisha. Alibaki katikati, anakula kwa mama yake kama mtoto wa shule, nguo zinafuliwa na dada wa kazi, na jioni anazunguka na gari mtaa wa pili akijifanya anatafuta mahali pa kuegesha.

Mama Bingwa aliyajua yote hayo. Na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha: kwamba iko siku mwanawe atajikaza na kumrudisha yule mwanamke. Hakuwa na hofu nyingine duniani. Hata kifo hakukiogopa hivyo.

Mwaka huo bingwa alijenga jengo jipya la kliniki, lenye vioo mbele na sakafu inayoteleza. Siku ya kulifungua walialikwa wakubwa, na wake za wakubwa, na wanawake wenye pesa ambao wanataka kurudi ujana lakini wanaona haya kuuliza njia. Mama Bingwa akaamua atakaa mstari wa mbele, na uso wake ndio utakuwa tangazo.

"Utawaonyesha picha?" alimwambia mwanawe. "Picha kila mganga anazo. Waonyeshe mimi. Nivute uso."

"Mama, daktari hampasui mama yake mzazi. Mkono unaweza kukataa. Nitakutafutia mwenzangu."

Mama akamtazama.

"Basi nitafanya mwenyewe," akasema bingwa. "Ila nikwambie ukweli. Kisu kinavuta kilicholegea. Mashavu, taya, shingo, hivyo navimudu. Lakini hizo mbili katikati ya nyusi si ngozi iliyolegea, ni msuli unaovuta kwa nguvu. Kisu changu hakina kazi hapo. Hapo ni sindano. Wengi wanafanya vyote viwili, kisu chini, sindano juu, ndipo uso unalingana."

"Na sindano anachoma nani?"

Bingwa akatazama viatu vyake. Kwenye mji mzima alimwamini mmoja tu, na mama alimjua. Zile ndita zikasimama, tena zikasimama sawasawa.

"Tutafanya ya kisu tu, mama," akasema.

Wakafanya. Akakatwa mbele ya sikio, kisu kikazunguka nyuma mpaka kwenye nywele, ngozi ikainuliwa na kilicho chini yake kikavutwa na kushonwa, iliyozidi ikaondolewa. Akarudi nyumbani amefungwa bandeji kichwa kizima, macho yamevimba, rangi inageuka kutoka zambarau kwenda njano. Akaamriwa alale ameinuliwa na mito, asibebe kitu, asiiname. Shoga yake alikuja kumjulia hali. Huyu shoga walimwita Mwiko, maana hakuna chungu cha watu ambacho hakukikoroga.

"Yarabi!" Mwiko akasimama mlangoni. "Shoga, umegombana na nyuki?"

Mama Bingwa alitaka kumjibu, mdomo ukakataa. Akamtupia ndita. Zile zilikuwa nzima kabisa, bandeji haikuzigusa. Mwiko akaacha mzaha, akaomba maji ya kunywa.

Wiki zikapita, uvimbe ukashuka. Na lazima niseme kweli, hata kama bingwa ni mtu wa kudharaulika kwa mengine yote: mkono anao. Taya ya mama ilirudi kuwa taya. Shingo ikanyooka. Zile pembe za mdomo, zilizokuwa zimeelekea chini tangu siku za marehemu, zikainuka kidogo, akawa kama mtu aliyeambiwa habari njema akaificha. Mama Bingwa alikaa mbele ya kioo asubuhi nzima akijigeuza kushoto na kulia. Alijipenda mpaka akasahau kunywa dawa.

Mwiko alipokuja safari hii alimzunguka kama mtu anayenunua kabati.

"Kazi nzuri," akasema. "Nzuri sana. Ila..."

"Ila nini?"

"Mimi ni shoga yako, nisipokwambia mimi atakwambia nani? Chini msichana, juu bibi yake. Ukiziba hapa," akaweka kiganja chake juu ya paji la uso la mwenzake, "mtoto wa watu. Ukitoa," akatoa, "mama mkwe wa watu. Watasema bingwa dawa ilimwishia njiani."

Kama kuna neno lililomchoma Mama Bingwa kuliko kisu, ni hilo. Alirudi kwenye kioo. Kweli. Ndita zile, ambazo hakuwahi kuzihesabu kuwa ni kasoro, zilisimama juu ya uso mpya kama misumari miwili iliyosahauliwa na fundi. Siku ya wageni ilikuwa inakaribia, na Mwiko akamkumbusha kwamba dawa ya sindano inataka kama wiki mbili hivi ndipo ikae vizuri. Wachomaji walikuwepo wengine mjini. Lakini mmoja alimtoa mke wa diwani na jicho limelegea upande, na mwingine alikuwa anachomea saluni, nyuma ya kiti cha kusukia. Mama Bingwa alikuwa na majivuno, hakuwa mjinga.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama daktari kamkataza kuinama. Akajitanda mtandio mkubwa, akavaa miwani nyeusi, akaenda mtaa wa pili kwa miguu ili dereva wa mwanawe asimwone.

Chumba cha mkwe kilikuwa kidogo na kisafi. Kiti kimoja cha kuegemea, taa yenye mkono mrefu, beseni la kunawia, kabati la vioo. Mama Bingwa alikitazama kwa dharau, akatafuta vumbi, akakosa. Mkwe alikuwa ananawa. Aliposikia mlango aligeuka, mikono inachuruzika maji.

"Shikamoo mama."

"Sikuja kusalimiwa. Nimekuja kwa kazi." Akavua miwani. "Nasikia huwa unachoma."

"Huwa nachoma." Mkwe akajifuta mikono polepole. Akamsogelea, akautazama uso kwa jicho la kazi: masikioni kwenye kovu, chini ya taya, shingoni. "Ni mkono wake huu," akasema taratibu. "Hakuna mwingine anashona hivi."

"Hukuulizwa mkono wa nani."

"Kweli, mama. Kaa hapa. Usiegemee sana."

Akamuuliza maswali yanayoulizwa: dawa anazomeza, kidonda kimefungaje, bingwa amemruhusu kufanya nini na nini. Akampangusa paji la uso kwa pamba yenye spiriti, akachukua penseli nyeupe.

"Kunja uso."

"Nini?"

"Kunja ndita, mama. Lazima nione msuli unavutia wapi ndipo niweke alama."

Hapo ndipo Mama Bingwa alipopatikana. Maisha yake yote alikunja bila kuamrishwa na mtu. Leo anaambiwa kunja, na kinachotoka ni kufinyafinya macho. Mkwe akatikisa kichwa.

"Hiyo siyo. Hiyo ni ya jua kali."

Akajaribu tena.

"Hiyo ya kutafuta funguo. Mama, nikunjie ile ya chai."

"Ya chai ipi?"

"Uliyokuwa unanikunjia nikikuletea chai."

Mama Bingwa alitaka kusonya, akaona atapoteza heshima. Hasira ikampanda, na hasira ilipopanda ndita zikaja zenyewe, mbili, wima, kamili, kama zamani mezani.

"Ehee! Hiyohiyo," mkwe akasema. "Usiiachie." Na penseli ikatembea, doa hapa, doa pale, bila kusita wala kufuta, maana mkono ule ulikuwa unakwenda mahali unapopajua. Miaka mingapi aliishi chini ya uso ule? Aliujua kuliko mwenye uso.

Mama Bingwa alimchungulia kwa jicho la pembeni akitafuta kisasi. Alitaka kukiona, ili amdharau vizuri. Hakukiona. Aliona mtu yuko kazini, na hilo likamuudhi zaidi.

Mkwe akavuta dawa kwenye sindano nyembamba kama unywele. "Nikuulize jambo moja kabla sijaanza. Nizilaze zote kabisa, au nikuachie kidogo? Watu wengi nawaachia kidogo, uso ubaki unaweza kuongea."

"Unanibania dawa?"

"Si kubania, mama. Nikizilaza zote hutaweza kukunja hata ukitaka. Miezi mitatu, minne."

"Nani kakwambia nina shida ya kukunja? Mwanangu kafanya kazi nzima, wewe ufanye nusu ili nichekwe? Zilaze zote!"

"Umenielewa lakini?"

"Mimi si kiziwi. Choma."

"Haya," mkwe akasema, akachoma. Alichoma vizuri, damu haikutoka hata ya kumshibisha mbu. Akampa kioo, akamwambia asilale chini kwa saa chache na asipasugue. Mama Bingwa akavaa miwani, akaondoka bila kuaga. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huyu alijichoma kwa mkono wa aliyebobea.

Siku zikaenda, paji la uso likaanza kulala. Likalala kabisa. Likawa laini kama ukucha. Mwiko aliapa kwamba hajaona kitu kama kile, chini na juu vimepatana, msichana na bibi yake wamekuwa mtu mmoja. Mama Bingwa akawa hatoki kwenye kioo. Na kwa kuwa hakuna mtu anayejikunjia ndita mwenyewe anapojiangalia akipendeza, hakugundua chochote.

Alichogundua ni kwamba mji umeota pembe. Dada wa kazi alileta chai imepoa. Mama akamtupia zile zake, za kumfanya mtu arudi jikoni kinyumenyume. Dada akatabasamu, akaweka kikombe, akaondoka anaimba. Kesho yake akaja kuomba likizo. Miaka yote ile hakuwahi kuthubutu.

"Naona siku hizi mama una raha," akasema, "nikasema ngoja nijaribu bahati."

Mama Bingwa alimtazama mpaka kichwa kikamuuma. Dada akasema, "Asante sana, mama!" akakimbilia kupanga nguo zake.

Muuza mboga naye alianza kumtania. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akipita nje ya ukuta kwa kunyata, aliingia ndani kuchukua mpira wake akatoka anarukaruka. Na Mwiko! Mwiko alikaa sebuleni kuanzia chai ya asubuhi mpaka giza linaingia, anaongea, na kila akitupiwa ndita ya kumfukuza anasogeza kiti karibu. "Ndiyo maana nakupenda," akasema, "siku hizi unasikiliza." Bingwa peke yake hakuyaona hayo, alikuwa anashinda na kulala kwenye jengo jipya akiwahimiza mafundi. Mama Bingwa akahitimisha kwamba adabu imekwisha duniani. Hilo ndilo tatizo la watu wenye dharau: dunia nzima ikibadilika mbele yao, hawajikagui wao.

Siku ya ufunguzi ikafika. Viti vimepangwa, vitambaa vimefungwa kwenye nguzo, wanawake wenye pesa wamekaa wamebana mikoba mapajani. Kila mmoja alikuwa anamwangalia Mama Bingwa kwa kuibia, naye alikaa mstari wa mbele, shingo imenyooka, anajifanya hawaoni. Alikuwa amependeza. Hata aliyemchukia angesema amependeza.

Bingwa akapanda jukwaani na karatasi yake. Akashukuru wakubwa, akashukuru mafundi, akasoma vizuri mpaka akafika mahali akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Jengo hili lina milango miwili," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mmeuona mmoja, ni wa upasuaji. Wa pili ni wa sindano. Kisu peke yake hakimalizi kazi, wagonjwa wangu wanajua. Nilipoanza, sikuanza peke yangu. Nilikuwa na mke wangu. Ninaye bado."

Kule nyuma, karibu na mlango, mkwe alikuwa amesimama. Nani alimwalika? Mama Bingwa aligeuka, akamwona. Ndiyo hii, alijisemea. Ndiyo siku niliyokuwa naiogopa.

"Nataka arudi," bingwa akaendelea, jasho linamtoka. "Kazini na nyumbani. Lakini kwetu sisi jambo halianzi mpaka nimemtazama mama yangu."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akashusha macho kwa mama yake, kama alivyoyashusha tangu anatambaa, tayari kumeza kila alichokwisha kusema.

Mama Bingwa akakunja. Akakunja kwa nguvu zote Mungu alizompa, ndita ya chai, ya mazishi na ya ushuru wa soko, zote kwa mpigo mmoja. Alihisi masikio yanasogea. Na bingwa, pale juu, aliona paji la uso lililotulia kama maji ya mtungini, macho yanamtazama bila kupepesa, na pembe za mdomo, zile alizoziinua kwa kisu chake mwenyewe, zimenyanyuka kidogo kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hii kwa muda mrefu.

Mwanamume akashusha pumzi mpaka kipaza sauti kikavuma.

"Amekubali," akasema. Machozi yakamtoka waziwazi. "Mmemwona? Mama amekubali!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mwiko akasimama juu ya kiti. Mama Bingwa akageuka huku na huku, anamkunjia huyu, anamkunjia yule, na kila aliyekunjiwa anampungia mkono. Hapo ndipo alipoelewa. Yote, kwa mara moja: chai iliyopoa, likizo ya dada, mpira wa mtoto. Akapeleka vidole katikati ya nyusi, akakunja, akapapasa. Palikuwa laini. Hapakuwa na kitu.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama, na neno lile la wanyonge likamtoka kinywani kwa sauti ya juu, mbele ya watu.

"Sitaki! Simtaki!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mama naye kwa utani!" akasema mke wa mkubwa mmoja, anajifuta macho. "Na uso wenyewe unavyong'aa!"

"Namjua huyu," Mwiko akawaambia watu. "Akifurahi ndivyo alivyo."

"Sitaki nimesema!" akarudia, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyocheka, maana mdomo unasema hivi na uso mzima, juu na chini, unasema vile, na watu huwa wanaamini uso. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Mkwe alikuja kutoka nyuma, akipita katikati ya watu wanaompa mkono. Akafika, akamkuta mama ameshakaa tena, akapiga goti kidogo mbele ya kiti. Mama Bingwa akamkunjia yeye pia, kwa mazoea. Mkwe hakuangalia macho wala mdomo. Aliangalia katikati ya nyusi, palepale alipokuwa ameweka alama.

"Naiona, mama," akasema polepole, wengine wasisikie. "Hawa hawaioni, mimi naiona. Tena leo ni kali."

"Umenifanyia makusudi."

"Nimekufanyia ulichotaka. Dawa itaisha, ndita zitarudi, na mimi nitakuwepo nyumbani. Siji kwa kujificha. Ukitaka kunitazama, utanitazama. Nimeshazoea. Lakini mtazame yeye kwanza."

Bingwa alikuwa ameshuka jukwaani. Alikuja moja kwa moja, hakusalimia mkubwa wala mdogo, akachuchumaa mbele ya mama yake na suti yake mpya, akaushika ule uso kwa mikono miwili. Mwanamume mwenye mvi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anautazama kwa kuchungulia na kuondoa macho haraka. Leo aliutazama tu, hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Mama," akasema, "tangu nizaliwe hujawahi kunitazama hivi."

Mama Bingwa alikuwa, wakati huohuo, anamkunjia ndita ya maisha yake. Ile ya mwisho kabisa, ambayo hata marehemu hakuwahi kuipata. Alisubiri mwanawe arudi nyuma. Hakurudi. Alizidi kumsogelea, anamtabasamia mpaka meno ya nyuma yanaonekana, na Mama Bingwa akagundua kwamba hakuwahi kuyaona meno yale. Hakujua kama mwanawe ana pengo upande wa kushoto. Hakujua jino liling'oka lini.

Akachoka. Akaacha kukunja. Usoni hakuna kilichobadilika.